Mwenye nyumba, usipige plasta ukuta ungali na maji

Mhariri,

Masika yakianza kulegea, pita Kisauni, Mshomoroni, Likoni au Jomvu hapa Mombasa uone. Maji yametoka nyumbani jana. Leo kuna lundo la mchanga mlangoni na karai la simiti. Keshokutwa ukuta umepakwa rangi ya krimu na chumba kimepata mpangaji. Haipiti miezi mitatu, rangi imefura kama andazi, plasta inameguka ukiiegemea, na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwa kubania simiti, fundi huilaumu mvua. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Ukuta ulifungiwa maji ndani, na maji hayo yametafuta njia ya kutoka.

Naomba nafasi nieleze kazi hii inavyotakiwa kwenda, kwa vipimo, maana ushauri unaotolewa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi aghalabu huishia kwenye ndoo ya rangi.

Kwanza tuujue ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za mji huu, za zamani na za juzi, zimejengwa kwa matumbawe: jiwe jepesi lenye vitundu, linalokunywa maji kama sifongo. Maji yakisimama sebuleni kimo cha goti, usidhani ukuta umeloa hadi gotini tu. Maji hupanda ndani ya jiwe yenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na baada ya siku mbili tatu unyevu waweza kuwa umefika kiunoni huku sakafu imekwisha kukauka. Kwa hiyo alama ya matope ukutani haikuambii ukuta umeloa wapi. Inakuambia tu maji yalisimama wapi.

Halafu kuna chumvi, na hapa ndipo Mombasa inapoachana na Nairobi. Chumvi ya kawaida, hii hii ya kupikia, ina tabia moja: hewa ikifikisha unyevu wa asilimia 75 hivi, huanza kunyonya maji kutoka hewani hadi iyeyuke. Hewa ikishuka chini ya hapo, hurudi kuwa punje. Hapa kwetu alfajiri nyingi hewa huwa imepita kiwango hicho. Basi ukuta ulioingia chumvi hutoa jasho asubuhi bila bomba kupasuka wala tone la mvua, na ikifika saa nane mchana umekauka, unaonekana mzima. Kila mara chumvi inaporudi kuwa punje ndani ya vitundu vya plasta, hujitanua na kusukuma. Leo punje, kesho punje, hadi plasta inapukutika unga chini ya ukuta na mtoto anachora kwa kidole. Ukuta wa namna hii hata uupake rangi mara tano kwa mwaka hautatulia.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Hewa ya bahari ina sehemu yake, lakini nyingi tunaitia wenyewe. Mfereji umekauka, maji ya mkokoteni yanauzwa kwa mtungi, fundi anachota kisimani kuchanganya simiti. Na visima vingi vya kisiwani na kando ya bahari ni vya chumvi. Wengine huchukua mchanga wa ufuoni kwa sababu ni mweupe na uko karibu. Na maji ya mafuriko yenyewe, yakiwa yamepitia vyoo vya shimo na matangi ya maji machafu ya mtaa mzima, huacha ukutani chumvi za aina yake. Kipimo cha mchanga ni rahisi: tia konzi mbili kwenye chupa ya maji safi, tikisa, acha utuame, onja maji ya juu kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi, gari lirudi na mchanga wake. Jaribio hilo ni la mchanga wa kununua tu. Usionje chochote kilichoguswa na mafuriko.

Sasa kazi. La kwanza ni stima, na sina haja ya kulirefusha: zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa swichi iko ndani ya maji, au njia ya kuifikia imejaa maji, usiende. Piga simu umeme ukatwe kutoka nje. Soketi na vikata umeme vilivyozama havikaushwi juani vikarudishwa, hubadilishwa. Ndani yake hubaki matope na chumvi, shaba inaota kutu ya kijani, na miezi kadhaa baadaye soketi inapata moto usiku mkiwa mmelala. Nyaya zilizo ndani ya mabomba ya ukutani mara nyingi hupona, lakini maungio yote yafunguliwe, na fundi stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, azipime kwa mega ya volti 500, kile kifaa kinachoonyesha kama nyaya zinavuja umeme. Ikisoma chini ya megaomu 1, umeme usiwashwe. Na maadamu ukuta unachimbwa, soketi za chini zipandishwe hadi kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Gharama ya ziada ni nyaya kidogo tu.

La pili ni matope. Yaondolewe yangali mbichi, kwa sepetu na maji, kwani yakikauka yanashika kama niru. Klorini huja baada ya usafi, kamwe si kabla: uchafu hula nguvu ya dawa na ukabaki na harufu tu. Dawa ya madukani yenye asilimia 3.5 ya klorini (soma chupa, zinatofautiana) ichanganywe kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Mwaga sakafuni, acha dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, maana moshi wake ni sumu na huua ndani ya chumba kilichofungwa. Na kumwagia klorini ukuta wa matumbawe ulioota ukungu ni kujifariji: rangi nyeusi itapotea kwa wiki moja, maji ya dawa yatanyonywa ndani, na ukungu utarudi umenyweshwa.

Wenye tangi la chini ya ardhi, ikiwa maji ya mafuriko yaliingia, limwageni lote, msugue kuta kwa brashi, kisha mlijaze maji safi na dawa hiyo hiyo ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Yakae saa 24, yamwagwe, tangi lisuuzwe. Maji hayo si ya kunywa wala ya kufulia. Tangi la choo, kwa upande mwingine, lisinyonywe ardhi ingali imejaa maji. Tangi tupu ndani ya ardhi iliyolowa husukumwa juu kama dau, na mabomba yake yakakatika.

La tatu ndilo linalowauma wenye nyumba: kuvua plasta. Ukuta uliozama uvuliwe plasta hadi sentimita 50 juu ya mahali unyevu ulipofika, si juu ya alama ya matope. Gonga kwa kifundo cha kidole ukipanda juu. Panaposikika patupu pamekwisha kuachana na jiwe, endelea kuvua. Tumia tindo na nyundo ndogo, anza juu ukishuka. Nyundo kubwa hutikisa matumbawe na kulegeza ukuta wote. Baada ya plasta, kwangua chokaa au simiti ya kati ya mawe kwa kina cha sentimita 1.5 hadi 2, kwa sababu chumvi hupenda kukaa hapo. Kifusi chote kitoke nje ya kiwanja. Nimesikia mafundi wakikitumia kujazia sakafu ya chumba cha pili. Hiyo ni kuihamishia chumvi makao mapya. Ukuta ukishakuwa uchi utaota ndevu nyeupe za chumvi ndani ya siku chache. Zifagie kwa brashi kavu, zikusanye kwenye gunia, zitupe. Usizioshe kwa maji, maana zitayeyuka na kurudi zilikotoka.

Sasa kukausha, na hapa naomba subira ya wasomaji, kwa sababu ndipo kazi yote inapoharibikia. Desturi ni kufungua madirisha yote usiku na mchana na kumwachia Mungu. Lakini hewa ya usiku ya Mombasa imeshiba maji. Ukiiingiza ndani ya chumba chenye kuta baridi zilizoloa, haikaushi kitu. Fungua madirisha na milango ya pande mbili kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati hewa imepata joto na ukavu wake. Jua likielekea kuchwa, funga. Siku ya mvua usifungue kabisa. Feni isimame pembeni na kuupuliza ukuta kwa mshazari ili hewa iteleze juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiielekeza kati kwa kati itakausha duara moja, na kwingine kutabaki kama kulivyokuwa. Sogeza vyombo vyote nusu mita kutoka ukutani. Mwenye kiyoyozi ana bahati: akifunga chumba na kukiwasha, maji yanayotiririka kwenye bomba la nje ndiyo yanayotoka ukutani, na anaweza kuyakinga kwa ndoo akayahesabu siku hadi siku. Yakipungua, ukuta unakauka. Ila bomba hilo lisitone kwenye ukuta wa nje, kama yanavyofanya mengi mjini humu. Utakuwa unakausha ndani na kulowesha nje.

Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kukausha ukuta. Moshi wake usioonekana umeua watu katika nyumba zilizofungwa, na hakuna ukuta wenye thamani hiyo. Jiko la gesi nalo halisaidii: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban lita moja na nusu ya maji hewani. Unapasha chumba joto huku unakinywesha.

Muda gani? Waashi wa nchi nyingi huenda kwa kanuni ya mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta wa inchi 6 ukiachwa peke yake ni kama nusu mwaka. Ukivuliwa plasta pande zote mbili na kupulizwa feni, muda hupungua sana, lakini haupungui hadi ukawa wiki moja, hata fundi akuapie. Kuta za Mji wa Kale zenye unene wa nusu mita na zaidi ni hadithi nyingine kabisa. Hizo huhesabiwa kwa misimu. Wazee walikuwa na kalenda yao, na ingali sahihi: kusi huja na mvua, kaskazi huja na ukavu. Nyumba iliyofurika mwezi Mei, plasta yake ya kudumu ni ya Januari au Februari.

Najua jibu la mwenye nyumba: nani atapanga chumba cha mawe matupu kwa miezi minane? Lakini si lazima kiwe kitupu. Chokaa ya kupaka, iliyotiwa maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa, hupakwa moja kwa moja juu ya jiwe lililofagiwa. Mikono mitatu au minne myembamba, na ukuta unang'aa, huku maji yakiendelea kutoka kana kwamba hakuna kitu juu yake. Chumba kinakalika, kodi ipunguzwe kidogo, plasta ingoje kaskazi. Hesabu hii ni nafuu kuliko kupiga plasta mara mbili.

Kujua kama ukuta umekauka, usiutegemee mkono. Mkono hudanganywa na baridi ya jiwe. Wala usimwamini sana mwenye kile kidude cha pini mbili kinachosoma unyevu kwa umeme: chumvi hupitisha umeme kama maji, na kidude hakijui tofauti. Kata nailoni nene isiyopitisha hewa, sentimita 45 kwa 45, uibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha mwanya. Palipo na vumbi futa kwanza, utepe ushike. Ibandike magharibi, uifungue kesho yake adhuhuri. Matone yakiwa upande wa ndani, uliotazama jiwe, maji bado yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, hayo ni ya hewa ya chumba. Jaribu sehemu tatu: karibu na sakafu, kimo cha kiuno, na kwenye pembe, kwani pembe hukauka mwisho. Sakafu ipimwe vivyo hivyo. Vigae vya sakafuni gonga kwa sarafu. Vinavyolia vitupu vina maji yaliyolala kwenye mchanga wa chini, na uvundo wa chumba mara nyingi unatoka hapo, si ukutani.

Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta ulioloa naiomba radhi: ukiuziba ufa mapema mno, ndipo utakapoujenga.

Ukuta ukikauka, plasta ifuate asili ya ukuta. Wa zamani uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, kama wa Mji wa Kale, usiguswe na simiti hata kijiko. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi mvuke. Chumvi inakwama kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili, na siku moja bamba zima la plasta hudondoka likiwa limebeba uso wa jiwe. Hapo ni chokaa karai 1 kwa mchanga wa mtoni karai 3, na maji ya mfereji. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama ikitazama bahari kwa matumbawe na chokaa. Asemaye chokaa haina nguvu aende Ngomeni akaangalie. Kila mkono wa plasta usizidi milimita 10 hadi 12. Lowesha ukuta kidogo kabla ya kutupia, kwani matumbawe makavu yataunyonya mchanganyiko na kuuacha mchanga mtupu. Subiri mkono wa kwanza ushike hadi kucha ikwaruze bila kuzama, uukwaruze mistari, ndipo utupie wa pili. Adui wa chokaa ni haraka ya kukauka: upepo wa kaskazi ukivuma na jua likipiga, itapasuka nyufa kama ganda la yai. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Na chokaa huunguza macho. Anayetupia plasta bila miwani anacheza na upofu.

Nyumba za kisasa za mawe ya machimbo yaliyojengwa kwa simiti zinavumilia mchanganyiko wa simiti karai 1, chokaa karai 1, mchanga karai 6. Chokaa hiyo ndiyo inayoipa plasta pumzi. Mafundi wengi huiruka kwa sababu haiko kwenye desturi zao, wakapiga simiti 1 kwa mchanga 3 wakijivunia ugumu. Ugumu huo ndio ugonjwa. Plasta inapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko jiwe, ili ikibidi kitu kife, ife plasta. Ukuta uliojaa chumvi sana utiwe kwanza plasta dhaifu ya kutolewa mhanga, chokaa 1 kwa mchanga 4, ikae miezi kadhaa ikinyonya chumvi, kisha ivuliwe na kutupwa ndipo ipigwe ya kudumu. Ndiyo, ni kazi mara mbili, lakini ya pili itakaa.

Kuhusu unga wa kuzuia maji unaochanganywa na simiti, tuelewane. Kwenye tangi unafanya kazi yake. Kwenye ukuta unaonyonya maji kutoka chini, unaziba uso tu. Maji yakikosa pa kutokea hupanda zaidi, na unyevu uliokuwa gotini unaonekana chini ya dirisha. Vigae vya kubandika nusu ukuta hufanya vilevile: angalia mstari wa ukungu juu kidogo ya kigae cha mwisho. Rangi ya mafuta nayo ni nailoni ya kupaka. Ukuta ambao umewahi kufurika upakwe chokaa, au rangi ya maji nyepesi isiyong'aa.

Mbao zina tabia zao. Mlango wa mvule au wa mninga uliofura usilazimishwe wala kurandwa. Utoe bawabani, uulaze kivulini juu ya vipande vya mbao hewa ipite chini, na baada ya wiki kadhaa utarudi kimo chake. Ukiurandia ungali umefura, ukikauka utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Mlango wa nakshi usiwekwe juani hata saa moja, utapasuka kufuata ua. Milango ya mbao za gundi ikishaachana tabaka imekwisha. Godoro la sponji lililoingia maji ya choo litupwe, hata kama ni jipya. Boriti za dari zikaguliwe pale zinapoingia ukutani, maana huozea ndani ya tundu huku nje zinaonekana imara: chomeka bisibisi, ikizama bila kusukumwa, weka mhimili chini yake siku hiyohiyo. Mchwa nao hufuata mbao zilizoloa, kwa hiyo dawa ya mchwa ipigwe kabla ya plasta. Baada ya hapo hufiki tena.

Nyumba za udongo na fito hubomoka chini kwanza. Kabla ya kuingia, zunguka nje utazame: nguzo ikiwa imeinama au udongo wa chini umeliwa, egemeza mihimili kabla ya kuokoa hata sufuria. Zikandikwe upya kwa udongo, si kwa simiti. Simiti juu ya udongo hubanduka kama ganda.

Yaliyotoka juu si kama yaliyoingia kwa mlangoni. Dari ya jipsamu iliyotoa tumbo ina maji juu yake. Weka ndoo, itoboe kwa bisibisi katikati ya tumbo, yatoke taratibu kabla haijakuangukia, kisha sehemu hiyo ikatwe. Jipsamu iliyoloa na kulegea hairudi kuwa na nguvu. Paa la zege linalohifadhi dimbwi baada ya mvua limekosa mteremko. Linahitaji sentimita 1 kwa kila sentimita 80 kuelekea kwenye tundu la maji, na lami juu ya hapo. Ukiona mstari wa kahawia chini ya zege, nondo zimeanza kuota kutu, na kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila, ndiyo maana zege linapasuka. Kupaka simiti juu ya ufa huo ni kuficha. Chimba hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, isugue kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ipake dawa ya kuzuia kutu, ndipo uzibe. Nondo ikiwa imeliwa robo ya unene wake, mwite mhandisi, kazi hiyo si ya mwashi tena.

Na kabla ya haya yote, hakikisha maji yamekoma kuja. Kwa kuwa mfereji hapa hauna ratiba, kusoma mita hakukuambii kitu. Tumia tangi la juu. Usiku funga mifereji yote, weka alama ya kimo cha maji kwenye tangi, angalia alfajiri. Kikiwa kimeshuka, kuna bomba linalovuja ukutani. Bafu la jirani wa juu lijaribiwe kwa kumwaga ndoo ya maji yaliyotiwa buluu ya kufulia kwenye tundu la sakafu: doa la buluu likitokea darini kwako, mjadala umekwisha. Nje, ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau. Kila wanapoweka barabara mpya mtaani, uwanja hupanda na nyumba ikabaki shimoni, na hilo si kosa la fundi wala la mvua.

Wenye nyumba za Mji wa Kale wakumbuke kwamba eneo lao ni la uhifadhi tangu mwaka 1990. Kabla ya kuvua plasta ya ukuta wa nje au kubadilisha mlango, wapite kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Watapata ushauri wa chokaa huko huko.

Mpangaji naye asitoe deposito kwa harufu ya rangi mpya. Aende asubuhi mapema, chumvi ikiwa kazini. Avute kabati, anuse pembe, agonge ukuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, aangalie rangi iliyo juu ya soketi. Akiona nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya mafuta na nusu ya juu ya maji, aulize maji yalifika wapi mara ya mwisho, na plasta hii ilipigwa mwezi gani.

Fundi mwashi,
Kisauni, Mombasa